Jina la Mahmudu

Roho ilinichafuka siku ile, na si kwa sababu ya harufu ya ndagala, samaki wadogo ninaowaanika. Nilichungulia juu ya ukuta wa jirani yangu Mahmudu, mwenye mitumbwi hapa mujini Baraka. Nikaona binti yake Sumaya, asiyesikia wala kuona, amefungwa kamba mukononi nyuma ya jiko, anakula kwenye beseni moja na mbuzi. Binti mukubwa vile! Na baba yake anaambia batu kwamba mutoto iko Nundu kwa bajomba. Pfuu!

Mwalimu Émilienne ndiye aliyeingia pale bila kuogopa uchafu. Kila asubuhi alikaa chini na Sumaya, akamupa kitu ashike, kisha akamuchorea alama yake kwenye kiganja: maji, chumvi, moto. Mwanzoni mutoto alimuuma meno. Baadaye akaanza kuomba maji mwenyewe, hata kutupatia sisi majina ya alama. Jina langu mimi ni kunisugua vidole, kwa sababu vinanuka samaki.

Mahmudu hakupendezwa.

“Sikukuu ya kuchinja ikipita, michezo hiyo imekwisha,” alisema. “Anarudi kwenye kamba. Nani ataoa kwangu akijua niko na mutoto wa namna hii?”

Na alisema hivyo huku anachokoa meno! Aki ya Mungu, nilitamani kumutemea mate.

Sikukuu ikafika, wageni bakakaa kuzunguka sinia. Émilienne akamuleta Sumaya mbele yao, akamupa birika la kunawisha. Mutoto akapita mukono kwa mukono, anagusa kwanza, kisha anamimina.

“Mashallah!” batu bakasema.

Mahmudu yule yule akavimba kichwa. “Binti yangu huyo! Mwalimu, muulize, mi ni nani?”

Émilienne akamuuliza kiganjani. Sumaya akashika mukono wa baba yake, akaunusa, akaweka birika chini. Akazungusha vidole kwenye kifundo cha mukono ule, akakaza sana, asiachie.

“Anasema nini?”

“Jina lako.”

Hakuna aliyegusa chakula. Nuhu, kaka mukubwa wa Mahmudu, akaenda nyuma ya jiko, akarudi na kamba inayonuka mavi ya mbuzi, akaitupa juu ya nyama.

“Leo mutoto analala kwangu,” akasema. “Mwalimu atamufundishia kwangu.”

Mahmudu akamugeukia Émilienne. “Nani alimufundisha jina hilo?”

“Mi nilimufundisha maji, chumvi na moto. Hilo nilimukuta nalo.”

Sumaya alikuwa anapapasa chini, anatafuta birika. Bado kulikuwa na wageni hawajanawa.