Mtu wa Kunishika Kichwa

Nilikimbia vita Beni mwaka wa 1964, nikavuka mpaka hadi Bwera na cherehani na kiburi changu. Cherehani iliniletea wateja, kiburi kikawafukuza majirani. Kwa hiyo jino lilipoanza kuniuma, miaka saba baadaye, sikumwambia mtu. Nilifanya kama tufanyavyo sote huku: nikapasha moto chumvi ya Katwe, nikaifunga kwenye kitambaa, nikalikanda shavu. Maumivu yakapungua, nami nikajisifu. Nikakanda tena na tena, hata shavu likaumuka, jicho likajifumba, na mdomo ukawa unafunguka kwa shida.

Kwenye zahanati, tabibu Tumukunde alinibonyeza taya akakunja uso.

"Umevuta usaha ikuje inje na hii chumvi yako. Ikishuka ku shingo, utakosa pumzi, utakufa. Tunatoa jino leo. Mutu wako iko wapi?"

Nilijua anauliza nini. Pale kila mgonjwa wa jino alikuja na mtu wake wa kumshika kichwa, maana ganzi haikolei vizuri penye usaha. Wengine walikuja na mke, wengine na mama.

"Sina."

"Sosthène, hata jirani?"

"Sina mutu."

Niliona aibu kuliko kama ningevuliwa nguo. Tumukunde akatoka hadi barazani kuniombea mtu, mimi mwanamume mzima. Akarudi na Amony, mke wa askari, aliyekuwa akingoja sindano yake. Hatukuwahi hata kusalimiana. Alinawa mikono, akasimama nyuma ya kiti, akakibana kichwa changu kifuani pake.

"Pole, mzee. Tulia tu."

Kisu kikapasua ufizi, usaha ukamwagika, uvundo ukajaa chumbani. Amony hakugeuza uso. Kisha ikaja koleo. Nililia, Mungu anisamehe, na si kwa maumivu. Tangu nivuke mpaka hakuna aliyewahi kunishika uso hivyo.

Tumukunde alilidondosha jino kwenye bakuli, akaniambia nirudi kesho kwa sindano ya peniselini, na chumvi niitie kwenye maji ya kusukutua, shavu niliache.

"Iko ingine inauma?"

Mkono wa Amony ulikuwa bado kwenye shavu langu la pili. Nikaonyesha kwa kidole jino la upande ule. Tumukunde akaligonga kwa chuma, akalitikisa.

"Hii iko muzima kabisa."

"Inauma," nikasema. "Toa."