Rubani wa Ukurasa wa Mwisho

Mtaani kwetu hakuna aliyesoma riwaya nyingi kuliko mimi. Tusidanganyane, mtaani kwetu hakuna mwingine anayesoma, na shule yangu iliishia darasa la saba, ambalo nusu yake nililala. Lakini macho ninayo na sauti ninayo, na kwa hayo nilipata kazi uzeeni: kuwasomea mafundi kwenye karakana ya ushonaji.

Bosi wetu, mwanamke asiyevua tepu shingoni, alinipa kiti cha dirishani chenye mto. Wao wanashona, mimi nasoma. Kitabu kikinoga hata mishono hunyooka.

Kwenye meza ya pasi alisimama wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye kusimama kutwa kwenye joto na mimi kukaa kwenye mto, hilo lilimkaa kooni. Akaanza kuniharibia. Kila nikileta kitabu kipya, kabla sijasoma hata mstari, mafundi wakitoka kunywa chai wanamkuta ana habari za mwisho wake.

Nilileta riwaya ya kutisha. Mimi binafsi siziheshimu sana; mzimu unaopita ukutani unasumbukia nini kugonga mlango? Lakini mafundi wanapenda kuogopa wakiwa wengi.

"Ah, hicho nilishakisoma zamani," wifi akasema. "Mzimu ni shemeji wa mwenye nyumba, kajifunika shuka."

Kwisha habari.

Nikaleta ya vita. Majenerali wamejaa humo, mpishi hakuna hata mmoja, sijui jeshi zima lilikula nini. Ila kulikuwa na askari mmoja anayesubiriwa na mama yake, na nilitaka mafundi wamsubiri pamoja na mimi.

"Msijisumbue," wifi akasema. "Anarudi hana miguu."

Mama Vifungo, ambaye kazi yake ni kushona vifungo na kulia, alilia palepale, kisha hakutaka kusikia hata sura ya kwanza.

Mwisho bosi akaja na redio, bado iko kwenye boksi.

"Bibi, usinielewe vibaya. Watu hawasikilizi tena. Lete kitabu kimoja cha mwisho. Kikiharibika nacho, tunawasha redio, na hapo dirishani tunaweka meza ya pili ya pasi."

"Pole, wifi," wifi akaniambia, na meno yote nje.

Nilirudi nyumbani nikavipanga mezani vitabu vyote alivyoniharibia. Navivalisha magazeti visichakae, kwa hiyo kwa nje vinafanana. Nikavikagua kimoja kimoja. Ukurasa wa mwisho wa kila kitabu ulikuwa umejikunja, una alama za vidole vya maji. Kurasa nyingine zote kavu. Sasa nani karakanani ana vidole vya maji kutwa nzima? Anayenyunyizia nguo kabla ya kuzipiga pasi.

Kumbe mwanamke huyu hajasoma kitabu hata kimoja! Anaonja mchuzi kwenye sufuria ya mwenzake, kisha anasema amepika yeye.

Ningeweza kumwendea bosi na kumweleza taratibu. Hiyo ingekuwa busara, na busara sikuitaka. Nilitaka aumie, tena aumie mbele ya Mama Vifungo, ambaye habari zikimfikia zimefika kila nyumba.

Riwaya ninazozipenda kuliko zote ni za upelelezi, kwa sababu moja tu: mkosaji lazima apatikane. Huku kwetu hapatikani. Kule anapatikana, tena mchana kweupe, watu wamekaa kwenye viti wanamtazama. Basi nikachukua moja nzuri, ya enzi za farasi na taa za mafuta, nikaikata sura ya mwisho kwa wembe. Mahali pake nikashonea kurasa za mwisho za riwaya ya mapenzi ya siku hizi, ambayo jalada lake liliondoka na panya. Za mapenzi nazidharau. Mwanamume na mwanamke wakigombana ukurasa wa pili, wewe andaa maua. Nazidharau na bado nalia, lakini hilo ni langu na leso yangu.

Cherehani imenishinda, ila mimi na sindano ya mkono bado tunasalimiana. Nilijichoma, nikatukana, nikacheka peke yangu mpaka paka akahama chumba.

Asubuhi nikakiacha kitabu kwenye kiti, nikaenda kunywa chai. Sijawahi kunywa chai polepole namna ile.

Tuliporudi, wifi alikuwa tayari.

"Hicho nacho nilishakisoma," akasema huku akibonyeza pasi. "Rubani anamuoa mwalimu wa kuogelea. Kandokando ya ziwa."

Mafundi wakaguna. Bosi akaangalia boksi la redio.

"Wifi yangu," nikasema, "kwani ulikisoma chote?"

"Mara mbili!"

"Na huyo rubani walikutana wapi na mwalimu?"

"Si uwanja wa ndege? Alimbebea begi."

"Ukalia?"

"Nililia, wifi, mpaka mto ukalowa."

Nikakaa, nikavaa miwani, nikafungua ukurasa wa kwanza na kusoma kwa sauti: tajiri amekutwa amekufa kwenye zizi la farasi wake, na mpelelezi anakuja kwa mkokoteni, kwa sababu gari lilikuwa bado halijaonekana katika nchi ile. Nikasoma ukurasa wa pili. Nikasoma wa tatu. Nikashusha miwani.

"Wifi, nisaidie. Huyo rubani alikuwa anarusha farasi?"

Karakana nzima ilipasuka kwa kicheko.

"Lakini imeandikwa!" wifi akapiga kelele. "Tazameni wenyewe! Ukurasa wa mwisho!"

"Na wa kwanza je, hukuufikia?" akauliza Mama Vifungo.

Chini ya mkono wa wifi suruali ya mteja ilianza kutoa moshi, na mimi nikavuta ile harufu kama marashi.

Bosi akalisukuma boksi la redio chini ya meza kwa mguu. Kisha akakichukua kitabu, akafungua mwisho. Rubani alikuwemo, kapiga goti kando ya ziwa. Bosi akapitisha kidole kwenye mshono.

"Bibi, hiki umekitoa wapi?"

"Dukani, mwanangu. Kimekuja hivyo hivyo kutoka kiwandani. Wachapaji wa siku hizi hawako makini kabisa."

"Kiwandani."

"Kiwandani."

Akauvuta uzi taratibu. Ulikuwa wa zambarau, ule wa majoho ya kwaya ambao karakana nzima ilikuwa inautafuta.

"Na hao wachapaji," akasema, "ndio waliokuachia na sindano kwenye kilemba?"

Nikapeleka mkono kichwani. Ilikuwepo, na uzi wake unaning'inia.