Sanduku Lililorudi Kuwa Mbao

Adelard hakuwa mtu wa kushukuru kwa maneno. Tangu ahamie Kiwalani kutoka Bukoba, akiwa na msumeno, randa na viatu alivyovivaa, alikwisha kusikia shukrani nyingi, na kwa uchunguzi wake wengi waliozitoa walikuwa wakijiandaa kuomba tena. Kwa hiyo Mzee Mwinjuma alipompa upenu wa nyumba yake aweke meza ya useremala, Adelard aliinamisha kichwa tu, akaanza kazi. Mzee naye hakudai zaidi. Kila asubuhi alitoka na kahawa, akaketi juu ya rundo la mbao, akamsimulia habari ambazo hakuulizwa. Miaka ikapita, biashara huria ikaja kuruhusiwa, maduka yakajaa vitu vya Dubai, na shukrani ile ikaendelea kukaa bila kutamkwa, kama kitanda ambacho mteja hajakifuata.

Ndipo Mzee Mwinjuma akafariki, alfajiri, bila kumpa mtu taarifa.

Asubuhi vijana walipita mbele ya Adelard wamebeba jeneza la msikiti. Alilitazama kwa jicho la fundi: mguu mmoja umelegea, mbao zimesuguliwa na mabega ya watu, rangi ya kijani imebaki pembeni tu. Pale pale akajenga hoja na, kama ilivyo desturi ya watu wanaoziamini hoja zao, hakumuuliza mtu. Familia imekwama, alijiambia. Mtu aliyenipa upenu ataondoka katika kitu cha kuazima.

Akazishusha mbao za mninga alizokuwa amejiwekea kwa ajili ya kabati lake mwenyewe. Kufikia adhuhuri sanduku lilikuwa tayari, lina vishikio vya shaba, na vanishi inang'aa kiasi cha mtu kuona meno yake.

Alilifikisha penye turubai la msiba.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, fundi," alisema Maalim Talha, imamu wa mtaa. "Nani tena kafa?"

"Nimemletea mzee."

"Makubwa!" sauti ikatoka mkekani. "Mzee Mwinjuma anahamia Oysterbay, kwa matajiri!"

"Mhaya huyo," akadakia mwingine. "Hata kaburini anataka sebule."

Maalim aliwanyamazisha kwa mkono. "Sie Waislamu hatuziki na sanduku, fundi. Jeneza lile kazi yake ni kumfikisha tu. Likishamfikisha linarudi msikitini kumngojea mwingine, pengine mmoja wa hawa wanaocheka. Mzee atalazwa na sanda yake, kwenye ubavu wa kaburi, udongo umpokee."

Masikio ya Adelard yalipata moto. Alikuwa amewatengenezea watu hawa milango na vitanda miaka yote, lakini misiba yao aliishia barabarani, kofia mkononi, akidhani kusogea ni utovu wa adabu. Heshima ile ndiyo iliyomnyima kujua. Sasa alikuwa amesimama na shukrani ya miaka, imepigwa misumari, haina pa kwenda. Na kesho mwenye kuistahili asingekuwapo.

"Basi nalirudisha," alisema.

"Adelard! Hebu njoo hapa dirishani, mwanangu."

Alikuwa Bi Chausiku, mjane wa marehemu. Adelard alisogea. "Pole, mama."

"Nimeshapoa. Sikiliza. Mzee wako alikuwaga analalamika kila siku, msitu wa Pugu unanyolewa kipara kwa ajili ya makabati ya watu. Kaniusia nisimwekee saruji wala marumaru. Udongo, na mche wa mrehani kichwani, basi. Leo wewe unataka nimzike ndani ya kabati?"

"Sikujua, mama."

"Najua hukujua. Maalim! Viunza vimepatikana?"

Viunza ni mbao za kuziba ule ubavu wa kaburi, ili udongo usimwangukie maiti. Maalim alijibu kwamba aliyetumwa kuvitafuta hajarejea.

"Sasa mnangoja nini? Fundi huyo, na mbao hizo."

Hakuna fundi anayependa kubomoa kazi yake. Adelard alibomoa. Aling'oa vishikio na misumari, akapiga randa hadi vanishi ikaisha na mninga ukabaki na harufu yake yenyewe. Wale waliocheka walikuja kumshikia mbao. Yule wa utani wa Oysterbay alizoa maranda.

"Hii ndiyo kazi, braza," alisema.

Adelard alimjibu kwamba hakuomba maoni.

Baada ya sala ya alasiri walikwenda makaburini, na safari hii hakuishia barabarani. Abdulrahman, mtoto wa marehemu, alikuwa ndani ya kaburi, kifua wazi, mikono imejaa udongo. Adelard alipiga goti ukingoni, akampokeza mbao moja baada ya nyingine. Zilikaa kama mlango uliopimwa.

"Ahsante, fundi," Abdulrahman alisema kutoka chini. "Umemsitiri baba."

Adelard alitaka kuinamisha kichwa kama kawaida. Aliona haitatosha.

"Mie ndiye ninayeshukuru," alisema. Halafu, kwa kuwa aliyehusika alikuwa bado karibu, akarudia kwa sauti zaidi: "Nashukuru, mzee."

Hakuna aliyecheka. Abdulrahman alipanda juu, na Adelard akachukua jembe pamoja na wengine.

Jeneza lilirudi Kiwalani likiwa tupu. Aliomba lipitie kwanza kwenye meza yake, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa umelegea.