Sinia Saba na Mafuta ya Kijani

Gia boksi ya gari la kaka Azrul ilikuwa imeshamwagwa mafuta yote, kavu kama koo la aliyefunga saumu alasiri, pale Pak Long alipoingia gereji amekumbatia dumu la mafuta mekundu kama kabeba mjukuu.

Pak Long ndiye baba yetu mkubwa, na ndiye mshenga. Kesho yake tulikuwa tunapanda milimani Tringkap kumposa Melur. Baba yake alishasema: mkifika baada ya adhuhuri, rudini na sinia zenu za zawadi. Na gari letu lilikuwa moja, la mkononi, Azrul kalinunua wiki ile ile. Likiona kilima linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Weka haya, Keong," Pak Long akamwambia fundi. "Gari langu lilikunywa haya miaka kumi na minane."

"Liko wapi sasa?" nikauliza.

"Nyamaza, Ina."

Liko nyuma ya nyumba yake. Kuku wanatagia ndani.

Fundi Keong akafungua kitabu cha gari. "Pak Long, gia boksi hii ni ya mkanda, si ya meno kama ya gari lako. Kiwanda kimetaja mafuta yake kwa jina. Ya kijani. Yanakuja na basi la jioni kutoka Ipoh."

"Na basi likiharibika? Mafuta ni mafuta, bwana! Mimina!"

Azrul maskini akamtazama fundi, akamtazama mshenga wake. Dumu likafunguliwa.

"Sawa," nikasema. "Basi na sinia tupeleke sita. Ile ya keki inanibana magoti. Sinia ni sinia."

Pak Long akageuka kama kaumwa na siafu. "Sita? Una wazimu? Za posa ni witiri! Sisi tunapeleka saba, wao wanarudisha tisa! Shufwa umeiona wapi?"

"Kwani nani kasema?"

"Wenyewe walioweka! Huwezi tu kujichagulia…"

Akalitazama dumu, akalifunika. Keong akajificha nyuma ya boneti, mabega yanamcheza.

"Basi lisipofika," Pak Long akaninyooshea kidole, "utambeba Azrul mgongoni mpaka Tringkap."

Lilifika magharibi. Nililikimbilia mwenyewe, nikalibusu kopo la mafuta mbele za watu.

Asubuhi, kona ya kwanza, hakuna aliyepumua. Ya pili, Pak Long katega sikio kwenye dashibodi. Ya kumi akapiga kelele: "Halitetemeki! Kanyaga, mwanangu, kanyaga!" Tukayapita malori ya kabichi, sinia zinagongana, mimi nina keki puani, tunacheka kama wendawazimu.

Tuliingia uani kwa kina Melur bado nusu saa adhuhuri ifike. Pak Long alikuwa kakariri shairi la posa mwezi mzima. Akalisahau lote, akatoa hili:

"Gari hupanda mlima,
likinywa yake mafuta;
kijana wetu mzima,
ua lenu lamvuta!"

Baba yake Melur akakunja uso.

"Mafuta gani?"

"Ya kijani! Ya kitabuni!"

"Ingieni, ingieni! La kwangu linatetemeka wiki ya pili hii."

Kwa hiyo mama yetu alipomvisha Melur pete, wazee wawili walikuwa nje, vichwa ndani ya boneti.

"Mimi nilitaka kuweka mekundu tu," nikamsikia baba yake Melur.

"Mekundu?" Pak Long akashika kifua. "Bwana! Una wazimu?"