Ndoano Juu ya Karai

Siku ya kuzindua bamba la shaba, Leona Thibault alivaa koti lake jeusi la mazishini, na mfukoni akatia kipande cha mafuta ya nguruwe kilichofungwa kwenye karatasi. Aendaye vitani hubeba silaha aliyonayo.

Bamba lilifunikwa shuka kwenye ukuta wa kibanda cha kuchemshia utomvu, katikati ya mji wa Tuckbridge, huko Vermont. Kila mtu alijua limeandikwa nini: Elihu Whitcomb, mvumbuzi wa Karai la Whitcomb. Karai hilo ndilo lililoulisha mji miaka themanini. Ni refu kama kitanda, na ndani lina kuta fupi zinazouzungusha utomvu wa miti ya sukari kama nyoka, uingie maji upande mmoja, utoke asali upande wa pili. Lakini aliyelikata na kulichomelea ni Zelie, bibi yake Leona, mke wa fundi bati. Elihu alichofanya ni kupanda treni na kwenda kuliandikisha serikalini kwa jina lake. Kazi nayo hiyo, kwa mtu mwenye matako laini.

Wiki tatu nyuma, kwenye mkutano wa mji, Leona alisimama kuomba jina la Zelie liandikwe pale juu. Royce Whitcomb, mjukuu wa Elihu, muuza bima ambaye maishani hakuwahi kuchemsha zaidi ya yai, alimjibu bila hata kuvua kofia.

"Bibi yako alikata bati, Bi Leona. Na fundi cherehani hukata kitambaa, lakini suti ni ya mwenye suti."

Watu wakacheka. Ikapigwa kura ya mdomo, na ile "siyo" yao ikatikisa vioo vya madirisha. Leona akainua tena mkono.

"Basi nina ombi dogo. Siku ya bamba, mjukuu mwenyewe atuchemshie. Kwa karai la babu yake, na kama inavyosema ile karatasi ya babu yake ya serikalini. Asipunguze, asiongeze."

Safari hii wote walisema ndiyo, na Royce ndiye aliyetangulia.

Sasa Royce alisimama mbele ya karai na aproni mpya, moto ukinguruma chini, mvuke ukitoka darini. Nje watu walipanga foleni ya asali ya moto iliyomwagwa juu ya theluji, ile inayoliwa na tango la siki na donati. Donati alizikaanga pale nje Bi Wawanolett, Mwabenaki, mmoja wa wenyeji wa asili wa kule mtoni, mwanamke wa maneno machache. Watu wake walichemsha utomvu kabla Tuckbridge haijapata jina.

Royce akaiinua karatasi ya babu yake, akasoma kwa sauti ya kanisani. Kisha akachukua taa ya chemli, akaiwasha, akaitundika kwenye ndoano iliyoning'inia juu ya karai.

Ilikuwa saa nane mchana.

"Bwana Royce," akasema mtu nyuma, "unatafuta nini na taa? Umedondosha kifungo?"

"Imeandikwa hapa. Ndoano ya taa."

Wachemshaji wakatazamana. Karatasi ile ilikaa ukutani mwa maktaba miaka yote, kwenye fremu ya dhahabu, wakaiamkia bila kuisoma. Hapana mtoto Tuckbridge asiyejua kazi ya ile ndoano.

"Hee," akasema Leona. "Mvumbuzi hajui kiungo cha mwanawe."

"Kejeli zako kazifanyie nyumbani," akasema Royce.

"Nitaondoka. Acha kwanza nione povu."

Na povu likaja. Huja ghafla, kama maziwa. Likapanda nusu ya karai, likaanza kulamba ukingo. Royce akalipiga kwa mwiko, likampanda mkononi. Akalipuliza, nalo likazidi. Harufu ya sukari inayoungua ikajaa kibandani. Wanaume kumi walijua la kufanya, na hakuna aliyenyanyua mguu, kwa kuwa Tuckbridge karai la mtu likiwa motoni haliguswi mpaka mwenyewe aombe.

Leona akatoa karatasi yake mfukoni, akaifungua pole pole kama mtu afunguaye barua ya mchumba.

"Nipe hayo mafuta," akasema Royce.

"Mafuta ya nini? Taa yako inawaka vizuri tu."

"Leona, karai linaungua."

"La nani?"

Royce alimtazama kwa macho ambayo, lau yangekuwa moto, yangemaliza asali yote. Povu likamwagika motoni, likafuka moshi. Nyusi zake zikaingia masizi.

"Zelie Thibault," akasema akiwa ameuma meno.

"Sauti haijafika kwenye donati."

"Karai alilitengeneza Zelie Thibault. Haya, umeridhika, mchawi wewe?"

Leona akaitoa taa, akayatundika mafuta kwenye ndoano. Povu likapanda, likayagusa, likanywea papo hapo kama mlevi aliyemwona mkewe. Kibanda kizima kikashusha pumzi.

"Bamba lirudi kwa mchongaji," akasema yule wa nyuma, na wengi wakasema ndiyo. Leona akapewa bakuli la kwanza la theluji, na tango lake. Akasimama chini ya lile shuka, kidevu juu.

Bi Wawanolett akapangusa mikono ya unga, akaja mpaka mlangoni.

"Leona. Na huyo Zelie, hayo mafuta alifundishwa na nani?"

Leona alijua. Bibi yake alimwambia jikoni, si mara moja wala mbili: kuna mama mmoja kule mtoni, aliyekuwa akitundika mafuta ya dubu juu ya chungu chake. Alimtajia na jina. Leona hakuwahi kulitamka mbele ya watu.

Akaling'ata tango kipande kikubwa. Mwenye tango mdomoni haulizwi.

"Nasubiri," akasema Bi Wawanolett. "Jiko la donati nimelizima."

Royce akajipangusa masizi, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

"Tafuna upesi, Bi Leona. Sauti haijafika kwenye donati."