Wawili Waingie, Mmoja Atoke

Kasuku ana akili, hilo halina ubishi, ila hesabu humpiga chenga. Ndiyo maana wapiga picha wa msituni huingia wawili kwenye kibanda cha kujifichia karibu na kiota, kisha mmoja akatoka zake. Kasuku akiona mtu ameondoka, anaamini kibanda ni kitupu, anarudi kulisha makinda. Aliyebaki ndani, shauri yake. Hatoki mpaka mwenzake aje kumtoa, maana ndege akimwona mtu anachomoka mle peke yake, huenda akasusa kiota moja kwa moja.

Siku hiyo aliyebaki alikuwa mpiga picha mwenyewe. Kaka yake alitoka na begi tupu la kamera begani, akaahidi kurudi saa kumi. Sasa ilikuwa saa sita, na dada wa watu amekunjika ndani ya turubai, magoti yanagusa kidevu, jasho linamwingia machoni, kikohozi kinamtekenya naye anakimeza. Mkojo nao ulishapiga hodi mara mbili. Jamani, kazi nyingine!

Lakini alivumilia. Mwaka jana makinda ya mti huu huu yaliibwa siku chache kabla ya kuruka, akalia kama aliyefiwa. Safari hii aliapa kwamba haya mawili lazima yaruke. Mahali penyewe hakumwonyesha mtu isipokuwa kaka yake.

Mara kasuku wakapiga kelele, wakatimka. Kwenye lenzi akaona ngazi ikiegemezwa mtini. Mwanamume akapanda, kapu mgongoni. Alikitupia kibanda jicho moja tu, akaendelea. Bila shaka alimwona kaka mtu akiondoka na begi lake, akahesabu kama kasuku.

Mpiga picha akabonyeza. Kamera ikanasa mkono ndani ya shimo la kiota, kisha uso ukageuka, na moyo ukampasuka. Mjomba! Mjomba aliyemlea, aliyembembeleza mwaka jana, "Nyamaza mwanangu, msitu una wezi." Akakumbuka ile picha ya mti huu aliyomtundikia sebuleni kwa furaha zake, kovu la radi likionekana waziwazi. Kumbe mwenyewe ndiye aliyemwelekeza njia! Alijiona mjinga hadi basi.

Afanye nini? Akinyamaza, makinda yanakwenda. Akitoka, kasuku watasusa. Alitaka kulia, na hata nafasi ya kufuta machozi hakuna.

Kinda la kwanza likaingia kapuni. La pili likapiga ukelele, na mdomo wa mpiga picha ukafunguka wenyewe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," mjomba akaitikia kwa mazoea, kabla hajajua anamwitikia nani. Kisha akaganda juu ya ngazi.

Akarudisha kinda la kwanza, akarudisha la pili. Akateremka, akasimama mbele ya turubai.

"Toka basi, mwanangu, tuongee."

"Siwezi, mjomba. Nikitoka, wazazi wao hawarudi."

"Umenipiga picha?"

Akaikumbatia kamera. Mjomba akabeba ngazi yake, akaondoka. Kasuku walimwona akienda, wakarudi kulisha makinda yao.

Mpiga picha akabaki mle na uso wa mjomba ndani ya kamera. Saa kumi kaka yake angekuja kumtoa, kisha nyumbani, kwa mama, dada yake mjomba. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, aliomba asije mtu kumtoa.