Mdundo Mmoja, Ahadi Tatu

Nassibu mpiga ngoma alikuwa na kasoro moja tu: hakujua kusema hapana. Vitongoji vitatu vilipohamishiwa pamoja kwenye kijiji cha ujamaa pale Kilangala, kila kitongoji kilikuja na mwimbaji wake, na kila mwimbaji alimwendea Nassibu kwa siri kuomba ule mdundo mpya aliouzua. Ziada akaja, akaahidiwa. Mastura akaja, akaahidiwa. Hata Petro, mwenye sauti ya debe tupu, aliambiwa, "Huu ni wako peke yako, ndugu yangu."

Saba Saba ikafika, na katibu wa kijiji akaonya kwamba mpiga ngoma atakayeleta fujo mbele ya wageni, msondo wake atapewa Pazi. Pazi huyo, jamani, hupiga ngoma kama anatwanga muhogo. Na msondo ule, ngoma ndefu ya kusimama nayo, Nassibu aliachiwa na marehemu baba yake.

Akaanza kuupiga ule mdundo. Waimbaji watatu wakaingia uwanjani kwa pamoja, wakatazamana, kisha wakamgeukia yeye kwa macho makali.

Kilichomwokoa ni desturi. Ngoma ikiwa inalia, ugomvi wa uwanjani huimbwa, hausemwi. Anayesema kavukavu hutozwa kuku. Nassibu akajua dawa yake ni kutoiacha ngoma inyamaze.

Ziada akaimba kwamba mdundo ni wake, kapewa mchana kweupe. Mastura akamjibu kwamba hata yeye kapewa, tena kwa kiapo. Petro akaimba tu jinsi mikorosho yake ilivyozaa, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wakaendelea hivyo, maneno ya kila mtu mbalimbali, mdundo uleule. Wageni walivua viatu wakaingia kucheza, na Pazi naye akiwamo.

Alasiri ikapita, viganja vikavimba. Mwishowe wale watatu wakaungana kwa ubeti mmoja, wa mwanamume mwenye mikono miwili na ndimi tatu. Uwanja mzima ukaitikia. Nassibu aliona haya, akacheka huku anapiga.

Adhana ya magharibi ikasikika, na adhana ikilia ngoma hunyamaza, utake usitake. Akainua mikono, akafumba macho, akangoja kunyang'anywa msondo. Katibu akaja akihema kwa kucheza.

"Jumamosi ijayo tunakwenda Mtama, wageni wametualika kwao," alisema. "Wewe na hawa wote watatu. Msiache hata mmoja."

Wali ulipoletwa, Nassibu hakuweza kufinyanga tonge kwa vidole vilivyovimba. Ziada akaketi mbele yake na sahani.

"Fungua mdomo," akamwambia. "Si ndio huu uliotuahidi?"

Akalishwa na Ziada, akalishwa na Mastura. Zamu ya Petro ilipofika, Petro akamwinamia sikioni. "Kaka, Mtama tuwaachie hawa. Jumamosi hiyohiyo namwoza mdogo wangu. Utanipigia, eti?"

Nassibu alikuwa na tonge mdomoni. Alilitafuna polepole, akamtazama Ziada, akalimeza.

"Hapana," akasema.

Ziada akamwongezea kipande cha samaki.